Kabla Hujatandika Mkeka

Wanangu, nimekuwa nikisikiliza mabishano yenu ya kijiweni, na kuna jambo limenifurahisha. Zamani aliyebeti alisema anahisi, au ameota, au kiganja kinamuwasha. Leo kijana wa miaka ishirini na mbili anakwambia timu fulani imeshinda 3-0 lakini nafasi ilizotengeneza zilistahili bao moja na robo, kwa hiyo wiki ijayo usiiamini. Huyo anafikiri. Nimefundisha hesabu sekondari mpaka nikastaafu, na ilikuwa kazi kubwa kumfanya mwanafunzi aone uwezekano una faida gani maishani. Sasa naukuta unajadiliwa kwenye kibanda umiza, kati ya mechi ya saa kumi na moja na ile ya saa moja na nusu.

Sina nia ya kuwatoa kwenye namba. Nataka mzifuate mpaka mwisho wake, kwa sababu wengi wenu mnaishia nusu ya njia, na pesa zenu zinapotelea hapo hapo.

Tuanze na hiyo xG mnayoitaja kila dakika, yaani mabao tarajiwa. Shuti likipigwa, kompyuta hulilinganisha na maelfu ya mashuti ya nyuma yaliyopigwa kutoka mahali kama pale, kwa pembe kama ile, kwa mguu au kwa kichwa, baada ya pasi ya namna ile. Kisha huuliza: katika hayo, mangapi yaliingia? Penalti hupewa kama 0.76 hadi 0.79, kutegemea kampuni inayohesabu, maana yake katika kila penalti nne, tatu na ushee huwa bao. Shuti la mbali lenye mabeki mbele yake laweza kupewa 0.03, yaani yakipigwa mashuti 100 ya namna hiyo, yataingia kama matatu. Ukijumlisha mashuti yote ya timu, umepata xG yake ya mechi ile.

Faida yake ni kwamba inaipima kazi iliyofanyika bila kuangalia iliishaje. Msimu wa 2014-15 Borussia Dortmund ya Jürgen Klopp ilikwenda mapumziko ya majira ya baridi ikiwa ya 17 katika timu 18 za Ligi Kuu ya Ujerumani. Magazeti yalisema Klopp amekwisha. Ian Graham, mtaalamu wa fizikia aliyekuwa akiongoza kitengo cha utafiti cha Liverpool, alizipitia mechi za msimu ule kwa hesabu zake, akaona timu inacheza vizuri sana ila bahati imeikataa. Dortmund ikamaliza ya saba, na Oktoba 2015 Klopp akachukuliwa na Liverpool. Mnajua makombe yaliyofuata mwaka 2019 na 2020. Kwa hiyo mtu asiwaambie kuwa namba hizi ni porojo za watu wasiojua mpira.

Lakini angalieni Graham alitazama nini. Alitazama msimu mzima. Ninyi mnatazama mechi ya Jumamosi moja.

Nawaombeni mkae na hesabu hii, maana ndiyo inayochana mikeka mingi ya kubeti kuliko waamuzi na kadi nyekundu. Tuseme timu ya nyumbani inatarajiwa kufunga mabao 1.8 na wageni 0.9. Wenyeji wana nguvu mara mbili ya wageni, na kijana yeyote ataziona namba hizo na kusema hapa pamekwisha. Ukiziingiza katika kanuni ya Poisson, ambayo hutumika kuhesabu matukio machache yanayotokea bila mpangilio, unapata hivi: wenyeji watashinda kama mara 59 katika 100, sare itakuwa kama mara 23, na wageni watashinda kama mara 18. Timu bora mara mbili haishindi mara 41 katika 100. Hakuna aliyekosea hapo, na wala hakuna mechi iliyouzwa. Mpira una mabao machache. Katika Ligi Kuu ya Uingereza wastani wa miaka mingi ni karibu 2.7 kwa mechi nzima, na penye mabao machache, bao moja la kubahatisha hupindua kazi ya dakika tisini. Mpira wa kikapu wenye vikapu vingi hauna huruma hiyo kwa mnyonge. Ndiyo maana tunaupenda mpira wa miguu, na ndiyo maana kuubashiri ni kazi ngumu.

Somo la pili limetoka kwa mtu aliyehesabu kwa uaminifu mkubwa na bado akapotoka. Tarehe 18 Machi 1950, Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza, alikuwa uwanjani akitazama Swindon Town na Bristol Rovers. Kipindi cha pili akatoa daftari na penseli, akaanza kuandika kila shambulizi. Aliendelea kuandika mechi kwa miaka mingi sana. Akagundua kuwa mabao mengi hutokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu, akahitimisha kwamba pasi nyingi ni kupoteza muda, mpira upigwe mbele upesi. Makocha wa Uingereza wakamsikiliza, na mpira wao ukabeba alama ile kwa kizazi kizima.

Kosa liko wapi? Alihesabu mabao yaliyotokana na pasi chache, ila hakuyapima dhidi ya wingi wa mashambulizi yenyewe. Karibu kila shambulizi uwanjani ni la pasi chache, kwa sababu mipira hupotea upesi. Lazima mabao mengi yatoke huko. Swali lilikuwa: katika kila mashambulizi 100 ya pasi chache, mangapi yalizaa bao, na katika kila 100 ya pasi nyingi, mangapi?

Nikisoma mnayotumiana kwenye simu, namuona Reep kila mahali. "Timu hii imepata zaidi ya mabao mawili na nusu katika mechi 8 kati ya 10 zilizopita." Dhidi ya nani? Nyumbani au ugenini? Na mechi za timu nyingine katika ligi hiyo hiyo, ni ngapi katika 10? Mtu anakuonyesha picha ya mkeka uliotiki, milioni mbili, na jina lake limefichwa. Iko wapi iliyochanika? Muulizeni kila mmoja swali hilo kabla hamjamtumia hata shilingi ya usajili wa kundi lake.

Na hapa nataka nikae kidogo, maana hawa wauzaji wa mikeka ya uhakika wananiumiza moyo. Chukueni vijana 100, kila mmoja arushe sarafu mara 100 na kubashiri upande. Hakuna kati yao mwenye kipaji cha sarafu. Hata hivyo, kama 18 kati yao watapatia mara 55 au zaidi. Kama odi, yaani bei ya kampuni, ingekuwa 2.00 kamili na dau moja kila mara, hao 18 wangekuwa na faida ya madau 10 au zaidi, na daftari safi la kukuonyesha. Wao wenyewe wangeamini wana jicho. Hao ndio wanaofungua makundi ya Telegram, na wengine hata hawakupatia, wanatengeneza picha tu. Anayekuambia ana mechi iliyopangwa matokeo anakudanganya. Mwenye siri kama hiyo kweli asingekuuzia kwa elfu tano.

Turudi kwenye hesabu. Tuseme umejifunza xG vizuri, unajua Poisson, unajua kwamba nguvu ya nyumbani ni kitu halisi lakini kinabadilika. Msimu wa 2020-21, viwanja vya Ligi Kuu ya Uingereza vikiwa karibu vitupu kwa sababu ya korona, wageni walishinda mechi 153 na wenyeji 144, jambo ambalo mifumo iliyojengwa juu ya miaka iliyotangulia haikulitarajia. Unayajua haya yote. Sasa unaamini umempita mwenye kampuni ya kubeti. Swali langu ni moja: unadhani odi zile zilitoka wapi?

Mwaka 1982 M. J. Maher alichapisha namna ya kukadiria mabao kwa nguvu ya ushambuliaji na udhaifu wa ulinzi wa kila timu. Mwaka 1997 Mark Dixon na Stuart Coles wa Chuo Kikuu cha Lancaster wakaiboresha, wakazipa mechi za karibuni uzito zaidi, na wakaonyesha kuwa bei za kampuni za kubeti za wakati ule zilikuwa na mianya. Waliosoma makala ile walikuwa pande zote mbili za kaunta. Matthew Benham, aliyesoma fizikia Oxford, alianzisha Smartodds mwaka 2004, akatajirika kwa kubeti, akainunua Brentford na kuifikisha ligi ya juu mwaka 2021, mara ya kwanza tangu 1947. Tony Bloom wa Brighton naye alijenga utajiri wake kwa njia hiyo hiyo. Watu kama hawa huajiri wataalamu wa kutazama kila shuti la kila ligi kubwa. Wakiona bei imekaa vibaya huweka pesa nyingi, na bei husogea. Inapofika kwenye simu yako Jumamosi mchana, odi ya Liverpool au Real Madrid imeshapita mikononi mwa watu hao. Ile xG unayoisoma bure wameisoma kabla yako, pamoja na mengine usiyoonyeshwa. Imo ndani ya odi tayari.

Ndiyo sababu swali la "nani atashinda" halina thamani kubwa. Swali lenye thamani ni hili: bei niliyopewa ni kubwa kuliko uwezekano wenyewe, au ni ndogo? Ile timu yetu ya mara 59 katika 100, bei yake ya haki ni karibu 1.70. Ukipewa 1.85 umepewa bei nzuri, hata ikifungwa. Ukipewa 1.55 umeibiwa, hata ikishinda. Ni vigumu kwa kijana kukubali kwamba mkeka uliotiki unaweza kuwa ulikuwa mkeka mbaya, lakini mpaka ulikubali hilo, namba zako ni mapambo.

Na mara nyingi bei huwa ndogo kwa makusudi. Mnajua duka la kubadilisha fedha: bei ya kununua dola na bei ya kuuza hazifanani, na hata kama dola haikuyumba siku nzima, ukibadilisha kwenda na kurudi unatoka na pungufu. Odi zimejengwa hivyo. Chukueni mechi yenye mwenyeji 2.10, sare 3.20, mgeni 3.40. Gawanyeni 100 kwa kila moja: 47.6, 31.3, 29.4. Jumla ni 108.3, wakati uwezekano wote duniani hauzidi 100. Hizo 8.3 za ziada ni za duka. Katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwenye mechi ile kwa uwiano huo, takriban 76 zinabaki kwao, ashinde nani. Fanyeni hesabu hiyo kila mara kabla ya kitu kingine. Ni dakika moja, simu zenu zina kikokotoo, na haihitaji kujua jina la mchezaji hata mmoja. Mtaona mechi kubwa za Ulaya makato yake ni madogo kuliko ya ligi ndogo, na masoko ya pembeni kama mfungaji wa kwanza au matokeo kamili makato yake ni makubwa zaidi. Kijana anayebeti matokeo kamili kwa sababu odi ni 9.00 hajui kuwa hapo ndipo anapokatwa vibaya.

Juu ya hayo kuna kodi ya serikali, na vitabu vya wataalamu wa Ulaya mnavyovisoma havikuiweka katika hesabu zao. Iwekeni ninyi.

Sasa tufike kwenye mkeka wenyewe, timu kumi, ishirini, kwa dau la 500 au 1,000. Hapa naomba mchukue kalamu.

Tuseme kila timu uliyoichagua ina uwezekano wa kweli wa theluthi mbili kushinda, na kampuni imekupa 1.40. Ukiiweka moja moja kwa shilingi 1,000, kwa wastani inarudi 933. Umepoteza 67. Si kitu, wengine hutumia zaidi kwa vocha. Ziweke kumi pamoja. Odi ya mkeka inakuwa karibu 28.9, na macho yanang'aa: elfu moja inaleta karibu elfu ishirini na tisa. Lakini uwezekano wa zote kumi kushinda ni chini kidogo ya 2 katika 100, yaani kama mara moja katika mikeka 58. Mikeka 58 ni shilingi 58,000 mfukoni mwako, na huo mmoja unaotiki unakurudishia 28,900. Nusu imekwenda. Zile 67 za mechi moja zimezidishana mara kumi mpaka zikawa 500 katika kila 1,000. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki si chenu. Sasa mnajua kwa nini kampuni huwapa bonasi mkiongeza timu kwenye mkeka, na hazitoi bonasi kama hiyo kwa anayeweka mechi moja.

Kuna jambo jingine ndani ya mkeka huo, nalo ndilo linalowarudisha kila wiki. Kila Jumatatu nasikia: "Mzee, timu moja tu imenichania!" Mnalisema kwa uchungu wa mtu aliyeugusa mlango. Hesabu yake ni hii: kwa mkeka ule ule wa timu kumi, kukosa kwa timu moja tu hutokea mara tano zaidi ya kupatia zote. Mara tano kamili, mnaweza kuhakiki. Kwa hiyo ni kawaida kabisa kukosa kwa timu moja, na itakutokea tena na tena hata ukichagua kwa kufumba macho. Kukosa kwa timu moja hakukusogezi karibu na kitu chochote. Wiki ijayo unaanza upya na zile zile 2 katika 100. Nimeona vijana wazuri, wenye akili, wakikopa kwa sababu ya timu moja.

Basi mtu afanyeje anayetaka kubeti kwa akili? Nitawajibu kama mnavyouliza.

Kwanza ajaribu bila pesa kwa msimu mzima. Aandike kabla ya mechi: odi aliyopewa, uwezekano anaoukadiria yeye, sababu yake, na odi ya mwisho kabla mpira haujaanza. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko matokeo. Wanaoishi kwa kazi hii hujipima kwa hiyo: kama wewe ulichukua 2.20 na soko likafunga kwenye 2.00, na hali hiyo inajirudia, unaona kitu ambacho wengine walikiona baadaye. Kama mara nyingi unachukua 2.00 na inafunga 2.15, huna jicho, hata kama umeshinda mikeka mitano mfululizo. Ni kipimo kikali na hakina urafiki.

Pili, akiweka pesa, awe na kanuni ya kiasi. John Kelly, aliyekuwa mtafiti wa maabara za Bell huko Marekani, alichapisha yake mwaka 1956. Kwa odi ya 2.00, kama unaamini uwezekano ni 53 katika 100, anakuruhusu 6 katika kila 100 ya mtaji wako, na wengi wenye busara huchukua robo ya hapo kwa sababu makadirio yetu yana makosa. Kinachonivutia mimi katika kanuni ile ni jibu lake pale uwezekano wako unapokuwa sawa na bei au chini yake. Linatoka sifuri. Jaribuni kuipitisha kwenye mechi zote za Jumamosi kwa makadirio ya uaminifu, si ya mapenzi. Sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa mzima. Kijana mwenye namba nzuri kweli huiacha simu mfukoni wiki nyingi. Kama takwimu zako zinakuambia ubeti mechi ishirini kila mwisho wa wiki, umezikosea au unazisingizia.

Mtaji huo uwe pesa ambayo ikiungua hakuna atakayelala njaa. Ada ya chuo si mtaji. Hesabu ya bosi wa bodaboda si mtaji. Pesa ya mama iliyopitia kwenye simu yako si mtaji, na mkopo wa simu ndio sumu kabisa, kwani riba yake ina uhakika ambao hakuna timu duniani inao. Aliye chini ya miaka 18 sheria inamkataza, na wenzetu Uganda sheria yao ya 2016 imeweka miaka 25. Nami nikiwatazama naona Waganda wamefikiri.

Timu unayoipenda usiibetie. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Nionyesheni shabiki mmoja wa kila upande aliyekadiria lolote kati ya hayo kwa kichwa baridi. Na michezo ile ya ndege inayopaa na mpira wa kompyuta unaochezwa kila dakika tatu, huko msipeleke takwimu kabisa. Matokeo yake hutolewa na mashine iliyopangiwa makato yake. Hakuna mashambulizi, hakuna majeruhi, hakuna cha kusoma. Kasi yake ndiyo hatari: makato madogo yanayojirudia mara mia kwa usiku mmoja yanakausha mfuko kuliko mkeka wa wiki.

Na ukiona unamficha mwenzako nyumbani kiasi ulichoweka, au unaamka saa nane za usiku kutazama ligi ambayo huwezi kutaja timu zake tatu, au unaongeza dau ili urudishe ya jana, hapo hakuna takwimu itakayokusaidia. Mpe mtu unayemwamini namba ya siri ya simu yako, funga akaunti, na useme. Sema kwa kaka, kwa shangazi, kwa mwalimu wako wa zamani. Njoo kwangu. Sitakucheka wala sitakutangaza.

Mtaniuliza kama kuna anayeshinda. Wapo, wachache sana, nimewataja wawili. Lakini jueni kwamba Uingereza, mteja anayeonekana kushinda kwa muda mrefu hupunguziwa dau analoruhusiwa, wakati mwingine mpaka likawa la kuchekesha, na kampuni zina haki hiyo katika masharti yao. Mlango uko wazi kwa anayepoteza. Anayeujua mchezo huonyeshwa mlango wa kutokea.

Ndiyo maana sitaki akili hii mliyoianza iishie kwenye mkeka. Graham hakulipwa kwa kubashiri Jumamosi, alilipwa kuisaidia Liverpool kujua mchezaji gani anunuliwe. Klabu za Ulaya zimejaa watu wa fizikia, hesabu na kompyuta wanaofanya kazi ile. Kampuni ya StatsBomb imetoa bure data za mashindano kadhaa, kila pasi na kila shuti, pamoja na Kombe la Dunia la 2018; mwenye kompyuta na bando anaweza kujifunza juu yake kujenga xG yake mwenyewe. Hakuna anayemkata asilimia nane.

Na kwetu kuna shamba ambalo halijalimwa. Takwimu za Ligi Kuu yetu ni chache mno ukizilinganisha na za Ulaya, na chini ya hapo, ligi ya mkoa na mashindano ya vijana, karibu hakuna kitu. Nani ameandika timu zetu hupoteza kiasi gani baada ya safari ya basi ya kutwa na kucha kwenda Bukoba au Mbeya? Nani amehesabu mashuti ya mbali yanaingia mangapi kwenye uwanja wa udongo, mvua ikiwa imenyesha, ambako kipa hajui mpira utadunda wapi? Zile 0.03 za Ulaya huenda hapa si 0.03. Sizijui, na hakuna mwingine anayezijua, kwa sababu hakuna aliyekaa akaandika.

Nendeni uwanjani Jumamosi hii na daftari la kawaida. Choreni boksi na nusu ya uwanja kwenye kila ukurasa. Kila shuti liwekeni nukta mahali lilipopigwa, na pembeni andikeni dakika, mguu au kichwa, pasi ilitoka wapi, mabeki wangapi walikuwa mbele, na liliishaje. Andikeni na yale ya kipuuzi, hasa ya kipuuzi, msije mkawa Reep. Wawili mwandike mechi moja bila kutazamana, kisha mlinganishe madaftari muone mmetofautiana wapi. Mkifika mashuti mia kadhaa, gawanyeni uwanja katika maeneo na mhesabu kila eneo limezaa mabao mangapi katika mashuti mangapi. Kisha mpelekeeni kocha wa timu yenu ya mtaa, mumwonyeshe mshambuliaji wake anapiga kutoka wapi na angepaswa kupiga kutoka wapi. Msimu wa kwanza mfanyieni bure. Wa pili kubalianeni malipo, na myaandike.